Viatu Chini ya Pazia

Kwa miaka kumi na tisa niliwajua wateja wetu kwa viatu. Pazia lililotenganisha duka na chumba changu cha nyuma lilikuwa fupi, limeishia shubiri mbili juu ya sakafu, nami niliketi nyuma yake, mguu kwenye cherehani, jicho moja kwenye sindano na jingine chini ya pazia. Viatu viliingia, vikasita, vikazunguka, vikasimama mbele ya kioo. Kisha sauti ya mwenye duka: "Imezidi kidogo tu. Acha tuipeleke nyuma." Nyuma ndiko nilikokuwa. Suruali ililetwa, nikaikunja pindo, ikarudi mbele, na viatu vikatoka vikiwa na furaha. Ndiyo maana pale dukani waliniita Pindo. Jina langu lenyewe walilisahau, na mimi sikulidai.

Msinionee huruma. Kazi ile niliipenda. Mtu akileta nguo irekebishwe, amekuletea habari zake zote bila kujua. Nilimjua bwana mmoja wa viatu vya kahawia aliyeongezewa kiuno nusu inchi kila baada ya miezi minne, na kila mara akaapa kwamba ni kitambaa kilichorudi kwa kufuliwa. Nilimjua mama wa viatu vyeupe aliyepunguza urefu wa sketi zake zote katika wiki moja, na nikasema moyoni, haya, huyu kapata mtu. Sura zao sikuwahi kuziona. Tungepishana barabarani nisingewasalimu, labda niwe nimeinama.

Siku moja mwenye duka alifunua pazia na kuketi juu ya gunia la vitambaa. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na nilijua kabla hajasema, maana viatu vyake vilikuwa vimeanza kuburuta.

"Pindo," alisema, "nataka kupumzika. Nahitaji msimamizi wa mbele. Duka hili unalijua kunishinda mimi, hilo silifichi. Lakini siku hizi mambo ni kompyuta, na nguo zinapangwa kwa kusomewa. Niletee cheti cha chuo muhula utakapokwisha, meza ya mbele iwe yako. Usipokileta, nitamchukua mtu wa nje, na wewe utabaki hapa hapa, wala hatutagombana."

"Hatutagombana," nilimjibu. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na ndiyo kwanza nilitambua kuwa nilikuwa nikiitaka ile meza tangu mwaka wangu wa kwanza.

Chuoni nilikwenda na binti wa kaka yangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Chaji kwa kuwa hajawahi kuingia kwenye nyumba ya mtu bila kuuliza soketi iko wapi. Kozi ilikuwa ya uuzaji wa rejareja, upangaji wa mitindo na kompyuta kwa wanaoanza. Yeye alijiandikisha kwa sababu alitaka siku moja kupamba madirisha ya maduka makubwa. Mimi nilijiandikisha na kumwomba Mungu asinione mtu yeyote ninayemjua.

Siku ya kwanza nilipoingia darasani, vijana wote ishirini na wawili walisimama. "Shikamoo, mwalimu!" Sitawadanganya, kwa muda kidogo niliionja ile heshima, nikaipenda. Kisha nikapita katikati yao, nikaenda kuketi mstari wa mwisho, na Chaji akacheka mpaka akashika ubavu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, mpole, mwenye mashati yaliyomzidi mabega. Nilijizuia muhula mzima nisimwambie ayalete niyapunguze. Masomo ya kupanga nguo niliyanywa kama maji. Alipotufundisha kwamba nguo zikibanana haionekani hata moja, kwamba rangi zinahitaji jirani wa kuelewana naye, nilikuwa naitikia kwa kichwa huku nyuma. Hayo niliyajua kwa mikono, ila sikuwahi kuyasikia yakitamkwa.

Kompyuta, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kipanya nilikishika kama nishikavyo pasi, nikakikandamiza, nikakipeleka mbele na nyuma kwa nguvu zangu zote, na mshale ukatorokea pembeni usionekane tena.

"Mama," mwalimu alisema taratibu, "hapo hapana makunyanzi."

Darasa zima lilivunjika mbavu, nami nikacheka nao. Nifanye nini? Lakini kila nilichojifunza Jumatatu kilikuwa kimeyeyuka Jumatano. Kilichonishinda kabisa ni kuunganisha safu mbili za jedwali zitoke pamoja kwenye lebo moja. Chaji alinionyesha mara tano. Mara ya sita aliniangalia, akatia simu yake kwenye chaji, akasema tutajaribu kesho.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi angepewa kibanda katika ukumbi wa chuo, apange nguo thelathini, aziingize kwenye jedwali la kompyuta, achapishe lebo na kuzifunga. Watu wangealikwa waje kutazama, na mtahini kutoka nje angepita akitoa alama. Ukianguka kwenye lebo umeanguka mtihani wote, na hakuna cheti.

Mwenye duka aliniazima nguo ishirini na tisa. Ya thelathini nilitoa mwenyewe. Lilikuwa koti la sufu, njano ya kiini cha yai, kutoka kwenye kitambaa kilichokaa kabatini miaka bila mnunuzi mpaka mwenye duka akaniambia nikifanyie nitakavyo. Nililikata kwa kukisia, bila kumpima mtu, na nikalishona kidogo kidogo kila kazi ilipopungua. Lilinichukua miaka mitatu.

"Shangazi, mbona mikono yake mifupi hivi?" Chaji aliuliza alipoliona.

"Mkasi ndivyo ulivyopita."

Alilitazama koti, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Katika ukoo wetu mikono ni mifupi, wake kwa waume. Hakuna shati la dukani tulilowahi kuvaa bila kulikunja.

Jedwali langu lilikuwa na safu sita kama mwalimu alivyotaka. Ya kwanza ilikuwa ya maneno ya lebo, yaani kitambaa, saizi na bei, na nyingine zilikuwa za stoo. Lakini mwishoni kabisa niliongeza ya saba, nikaiita Ya Kwangu. Humo niliandika nguo ni ya nani. Sikuweza kujizuia. Mwalimu alituambia tuieleze nguo kiasi kwamba asiyeiona aijue, na mimi sijui kuieleza nguo pasipo mwenyewe. Shati la mistari nililiandikia: *La bwana mwenye tumbo ambaye bado hajaambiwa.* Gauni la bluu: *La binti anayekwenda kuomba kazi ya kwanza, na mama yake kamwambia asijirembe mno.* Sketi ya kijivu: *Ya mwalimu wa watoto wadogo. Haionyeshi chaki.* Suruali ya kijani: *Ya mtu aliyeachwa na mchumba, na sasa analala vizuri.*

Nguo ishirini na tisa zilinijia na wenyewe. Mstari wa thelathini, wa koti la njano, nilikaa nao jioni nyingi. Kijistari kilipepesa, kikanisubiri, na mimi sikumwona mtu. Mwisho nikauacha wazi.

Siku moja kabla ya mtihani mwalimu alisema: "Chagueni safu ya kwanza, kisha mchapishe." Nikachagua ya kwanza. Sasa, katika chumba changu cha nyuma reli ya nguo ilianzia kulia, kwa sababu cherehani ilikuwa kulia kwangu, na nguo ya kwanza siku zote ni ile iliyo karibu na mkono. Kwa miaka kumi na tisa nimehesabu hivyo. Nikaihesabu na kompyuta hivyo hivyo, kutoka kulia. Printa ikanguruma, nikakumbatia makaratasi yangu kwa furaha, nikakimbilia ukumbini, na miwani ikabaki juu ya printa. Nilizikata lebo na kuzifunga kwa uzi bila kuisoma hata moja. Nguo zilikuwa zimepangwa kwa mfuatano wa jedwali na lebo zilitoka kwa mfuatano huo huo. Mikono yangu haikuhitaji macho, na nilijisifu kwa hilo.

Asubuhi ya mtihani ukumbi ulijaa. Kibanda changu nilikuwa nimekipanga nikaridhika nacho: sanamu mbili mbele, gauni la zambarau likikaa na la bluu, koti la njano peke yake kwenye henga upande wa mwisho. Mimi mwenyewe nilijificha nyuma ya ubao wa kugawia vibanda. Ubao ule haukugusa sakafu, na kwa mazoea nikainama na kuchungulia.

Nikaona viatu. Jozi mbili, kisha tano, kisha nikashindwa kuhesabu. Vilikuwa havipiti. Halafu nikasikia kicheko, na si cha mtu mmoja.

Nilidhani sanamu imevuliwa sketi. Chaji alikuja mbio kutoka kibanda chake cha jirani, kanivuta mkono, mkononi mwake lebo ya shati la mistari.

"Shangazi, umeandika nini?" Akanisomea. Bwana mwenye tumbo ambaye bado hajaambiwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mambo yangu ya nyuma ya pazia yalikuwa yananing'inia mbele ya watu, mara ishirini na tisa! Nilitoka mbio na mkasi nizikate lebo zote, na watu wakanipisha huku wakifuta machozi ya kicheko. Mama mmoja alikuwa amemshika mumewe mkono na kumwonyesha lile shati, na mume alikuwa akisema kwamba halimhusu.

"Uache mkasi," sauti ilisema nyuma yangu.

Nilitazama chini kwanza. Viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vimepigwa rangi vikang'aa, kisigino cha kushoto kimelika upande. Alikuwa mtahini. Vibanda viwili kabla ya changu kijana mmoja alikuwa ametoka kwake akilia.

Alipita taratibu akigeuza lebo moja moja, akisoma bila kucheka. Kwenye gauni la zambarau alisimama. Alisoma, akasoma tena, kisha kwa sauti: "*La mwanamke ambaye ofisini wanamwogopa, na nyumbani wajukuu wanampanda mgongoni.*" Akanigeukia. "Hii umeiandika leo, baada ya kuniona?"

"Hapana, mama. Ina miezi miwili."

"Ni nani aliyekwambia?"

"Gauni lenyewe. Mabega yake makali, lakini kiunoni kuna mpira."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, ila pembe ya mdomo ilimtoroka kidogo, akairudisha.

"Maneno mazuri," alisema. "Lakini hii si lebo. Saizi iko wapi? Kitambaa je? Nikitoa alama sasa hivi, umeanguka."

"Saizi yako ni kumi na nne," ilinichomoka kabla sijafikiri, "na mkono upunguzwe nusu inchi."

Ukumbi uliangua kicheko. Mtahini alinyanyua kidole na kicheko kikakatika.

"Yangu unaijua wewe. Siku ukiugua je? Ukisafiri? Huyo utakayemwacha dukani ataisoma wapi? Kwenye kichwa chako?"

Swali lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Kumi na tisa, hiyo ndiyo miaka niliyoweka kila kitu kichwani, nyuma ya pazia, nikijiona fundi. Sikuwa nimemwachia mtu yeyote kitu ambacho angeweza kukisoma.

"Nina vibanda vingine," alisema. "Nitarudi baada ya dakika arobaini nikute saizi, kitambaa na bei." Alikwenda hatua mbili, akageuka, na kidole chake kikagusa lebo ya zambarau. "Na hayo maneno, sikukuambia uyafute."

Tukakimbilia chumba cha kompyuta. Miwani ilikuwa pale pale juu ya printa, ikinitazama. Mwalimu alisimama mlangoni, mikono kaifumbata. Hakuruhusiwa kunisaidia, na alikuwa akiuma midomo. Chaji aliruhusiwa kubeba karatasi tu.

Nilikaa. Safu ya kwanza, ya kwanza ya watu wote, kushoto. Safu ya saba, yangu. Ziungane. Mkono wangu ulikuwa unakandamiza tena kipanya, nikaulegeza, nikakishika kama nishikavyo pini. Mshale ukatulia. Nikachagua, nikabonyeza, na printa ikatoa lebo thelathini zenye namba peke yake, moja mpaka thelathini. Mwalimu alifumba macho mlangoni.

"Shangazi," Chaji alianza.

"Nyamaza, mwanangu. Nimeona nilipokosea."

Na kweli nilikuwa nimeona. Si kwamba nilikumbuka nilichofundishwa, la, nilikiona chenyewe, kama unavyoona kwamba upande wa kulia wa suruali umeshonwa na mguu wa kushoto. Nikafumua, nikaanza upya. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea lebo: sufu nyepesi, saizi kumi na nne, bei yake, na chini yake wajukuu wakipanda mgongoni. Nilipiga ukelele. Mwalimu akapiga makofi mara moja, akakumbuka, akaficha mikono mfukoni.

Karatasi ngumu zilikuwa zimekwisha. Nilikimbilia ofisini kuomba nyingine, na niliporudi Chaji alikuwa ameketi mbele ya kioo, magoti pamoja, ametulia.

"Tafadhali bonyeza, Shangazi," alisema.

Hapo ningeshtuka. Yule mtoto akiwa na adabu, ujue kuna jambo. Lakini zilibaki dakika kumi na mbili, nami nikabonyeza. Tulirudi mbio, tukagawana nguo, mimi nikaanzia mwanzo na yeye akaanzia mwisho. Uzi wa mwisho ulikatwa wakati viatu vyeusi vinaingia.

Safari hii sikujificha. Sijui kwa nini. Labda miguu ilichoka tu. Nilisimama mbele ya kibanda changu na kumtazama usoni akisoma, na nikaona jambo ambalo viatu visingeniambia kamwe: akisoma, midomo yake ilikuwa inatembea, kama ya mtoto. Alipofika kwenye koti la njano alipitisha mkono juu ya sufu, polepole.

"Asubuhi hili lebo yake ilikuwa tupu," alisema. "Linauzwa?"

"Kila kitu hapa kinauzwa, mama."

"Mbona lebo yako inakataa?"

Alinigeuzia. Nilivuta miwani. Kitambaa kilikuwepo, bei ilikuwepo, mahali pa saizi palikuwa wazi kama nilivyopaacha, na chini pameandikwa: *Koti la Shangazi. Haliuzwi.*

Niligeuka. Chaji alikuwa kibandani kwake, amenipa mgongo, akinyoosha skafu ambayo ilikuwa imenyooka.

"Mstari huu hukuuandika wewe," mtahini alisema, "kwa hiyo sitauhesabu. Ishirini na tisa zinatosha. Umefaulu." Aliandika, akalifunga faili. "Lakini hii moja haina saizi. Ni ngapi?"

Nikafungua mdomo. Mimi, niliyewajua wote tangu shingo hadi kifundo cha mguu, hilo sikuwahi kulipimia mtu.

"Sijui," nilisema.

"Basi vaa tujue."

Nililivaa pale pale, mbele ya watu. Mabega yalikaa. Kiuno kilikaa. Mikono iliishia hasa kwenye mfupa wa kifundo, bila kukunjwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja, na Chaji akaja, akaegemeza kichwa chake begani mwangu, akasema, "Miaka mitatu, Shangazi. Miaka mitatu umejishonea, na hukujua."

Mwenye duka alikuwa amesimama kwenye kundi la watu, sijui tangu saa ngapi. Alinitazama kama mtu aliyegundua dukani kwake nguo ambayo hakujua kama ipo.

"Jumatatu," alisema, "pitia mlango wa mbele."

Jumatatu nilipitia mlango wa mbele. Koti nililivaa ingawa kulikuwa na joto, na sikuvumilia hata saa nzima, nikalitundika nyuma ya kiti. Niliwasha kompyuta. Nilipanga dirisha, nikalipangua, nikalipanga tena. Pazia lilikuwa pale pale, na nyuma yake cherehani ilikuwa kimya.

Kengele ya mlango ikalia. Macho yangu, kwa mazoea, yakaenda chini. Viatu vya kahawia! Nilivijua kama ninavyovijua vya kwangu, hata lile kovu la ncha ya kulia. Vilisita, kisha vikasogea kuelekea kwenye meza. Nikayapandisha macho taratibu, kwenye pindo nililolikunja mwenyewe, kwenye kiuno nilichokiongeza nusu inchi mara ngapi sijui, kwenye vifungo, kwenye kola, hadi nikafika juu.

Alikuwa na vishimo mashavuni. Miaka yote hiyo, na sikuwa najua.

"Karibu," nilimwambia. "Nimefurahi kukuona."